Mbale: masomo ya Wayahudi yanayofunga siku ya posho

Hapa kwetu Lubumbashi, siku ya posho asubui watoto wengi wanavaa uniforme na kwenda masomo kama siku zingine. Kengele inalia, prefe anasimama kwenye mlango, na anayechelewa anaokota makaratasi mu kiwanja. Katika inchi jirani ya Uganda, karibu na mji wa Mbale, upande wa mlima Elgon, kuko masomo ya sekonderi ambamo siku hiyo hakuna kengele wala mwalimu mbele ya ubao. Ni lise ya Wayahudi, na siku ya posho ni Sabato yao.

Masomo hayo yanaitwa Semei Kakungulu High School, kwenye kilima cha Nabugoye. Wenyewe ni Waafrika kama sisi. Wanasema Luganda, Lugwere na lugha zingine za pale, na wengi wao ni walimaji. Jina lao ni Abayudaya, maana yake «Wayahudi» kwa Luganda. Wote pamoja ni watu 2.000 ao 3.000 hivi, wametawanyika katika vijiji vya mashariki ya Uganda.

Hatuandiki habari hii kwa kushangaza watu na «Wayahudi weusi». Kuko sababu ingine. Masomo ni ya Wayahudi, lakini ndani yake watoto wa Kikristo na wa Kiislamu wanasoma pamoja nao, kelasi moja, benchi moja. Na kule, kama hapa kwetu, swali linarudi kila mwaka: wakati masomo yanafanya sikukuu, sikukuu hiyo ni ya nani?

Jemadari aliyejitahiri

Tuanze na jina lililo kwenye mlango. Semei Kakungulu alikuwa Muganda, mkubwa wa vita. Mwisho wa karne ya 19 alisaidia Waingereza kushika inchi ya mashariki ya Uganda, na ndiye aliyeanzisha mji wa Mbale. Alitumaini kwamba watamfanya mfalme kule. Hawakumfanya. Walimpunguzia udongo na amri, mwaka kwa mwaka, mpaka akachoka nao.

Kakungulu alikuwa amebatizwa Mprotestanti. Kiisha akaingia katika kundi la Wamalaki, watu waliokataa dawa za wazungu na kushika Sabato. Alikuwa anasoma Biblia yeye mwenyewe, sana sana vitabu vya Musa, na humo akakuta amri ya kutahiri. Wenzake wakamwambia: hiyo ni kazi ya Wayahudi. Akajibu kwa matendo. Mwaka wa 1919 alijitahiri yeye na wana wake, akasema kwamba wao ni Wayahudi. Hakuna misionari aliyemfundisha, na hakudai kwamba babu zake walitoka Yerusalemu. Alisoma, akachagua.

Mwaka wa 1920 Myahudi mmoja mgeni aliyeitwa Yosef akafika Mbale, akakaa pale miezi michache. Huyo ndiye aliyewafundisha hesabu ya mwezi, sikukuu zote za mwaka, namna ya kuchinja na nyama gani inaruhusiwa. Toka siku hiyo Abayudaya walikuwa na kitu ambacho kusoma Biblia peke yake hakukuwapa: kalenda. Walijua sasa ni usiku gani Pasaka inaanza na ni siku gani wanafunga kula. Kakungulu akafa mwaka wa 1928. Watu wake wakaendelea bila yeye.

Sikukuu iliyofanywa kwa siri

Taabu kubwa ilikuja wakati wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979. Dini ya Kiyahudi ikakatazwa na sinagogi zikafungwa. Wengi waliingia kanisa ao muskiti juu ya kuokoa maisha yao. Inasemekana kwamba waliobaki hawakupita mia chache. Hao waliomba ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwa sauti ya chini.

Wasomaji wetu wenye miaka mingi wanajua kidogo habari ya namna hii. Katika inchi yetu, mwaka wa 1974, serkali ya Mobutu iliondoa Noeli katika siku za mapumziko, na mwisho wa mwaka ule ikanyanganya makanisa masomo yao. Hatusemi kwamba ilikuwa sawa na Uganda: hapa hakuna aliyekatazwa kuwa Mkristo. Lakini ile Noeli ambayo watu walienda kazi kama siku yoyote, wazee wanaikumbuka.

Kwa Abayudaya mwisho wa taabu ulikuja kwa tarehe ambayo mtu hawezi kuitunga. Waaskari wa Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa wamekimbia, walishika Kampala siku ya 11 mwezi wa nne 1979. Mangaribi ya siku ile ile ndiyo Pasaka ya Wayahudi ilianza mwaka ule. Pasaka ni sikukuu ya kukumbuka namna Waisraeli walitoka utumwani Misri. Basi kule Mbale, wakati baba anaeleza watoto habari ya Farao, Farao wao ana jina lingine pia, na wajukuu wanalijua.

Juu ya nini masomo yao wenyewe?

Kiisha vita, vijana wachache wa Nabugoye walianza kukusanya tena watu. Waliishi pamoja, walilima pamoja, walijifunza Kiebrania pole pole. Katika vijana hao kulikuwa Joab Jonadab Keki na ndugu yake Gershom Sizomu. Sizomu alienda kusoma Los Angeles, akapewa urabi mwaka wa 2008, na mwaka wa 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, wakamchagua kuwa mbunge.

Kitu kilichowaumiza wazazi kilikuwa masomo. Mtoto wa Kiyahudi katika masomo ya wengine anakuta mambo matatu kwa mara moja. Sala ya asubui si yake. Chakula cha jikoni hajui kimechinjwa namna gani. Na siku ya posho kuko mafundisho, ao mbaya zaidi, kuko mtihani. Atafanya nini? Akikosa, anapata sifuri. Akienda, amevunja Sabato mbele ya wadogo zake. Mtoto wa miaka kumi na mitano anaweza kuvumilia mara moja, mara mbili. Mara ya tatu anaona ni vyepesi zaidi kuwa kama wengine. Kabila la watu 2.000 linaweza kuisha hivyo, bila mtu kuwafukuza, kwa ratiba ya mitihani tu.

Na tusifikiri ni shida ya Wayahudi peke yao. Katika Uganda hiyo hiyo, wanafunzi Waadventista walipeleka Chuo Kikuu cha Makerere mbele ya Korti ya Katiba, sababu mitihani iliwekwa siku ya Sabato. Korti ilikataa ombi lao mwaka wa 2003, na mwaka wa 2006 Korti Kuu ikakubali uamuzi huo. Chuo ni cha wote, walisema, hakiwezi kufuata siku ya kila dini. Mtu anaweza kuelewa wazo la waamuzi. Lakini anaweza pia kuelewa juu ya nini baba Myahudi wa Mbale anataka masomo ambamo mtoto wake hatachagua kati ya Mungu wake na diplome yake.

Ndiyo maana Abayudaya wakawa na masomo ya msingi, yanayoitwa Hadassah, na hii lise. Program ni ya serkali ya Uganda, na mitihani ya mwisho ni ile ile ya inchi yote. Kiebrania na mafundisho ya dini vinaongezwa. Na watoto wa vijiji vya mbali, ambao kwao pengine ni familia chache tu za Kiyahudi, wanaweza kulala pale pale na kukaa na wenzao.

Mwaka mmoja, sikukuu kwa sikukuu

Tufuate sasa mwaka wa masomo. Uganda haianze mwezi wa kenda kama sisi. Mwaka unaanza mwezi wa pili na kuisha mwezi wa kumi na mbili, kwa vipindi vitatu. Kalenda ya Wayahudi inafuata mwezi wa mbinguni. Miezi kumi na miwili ya namna hiyo inafanya siku 354 hivi. Kwa hiyo mara saba katika miaka 19 wanaongeza mwezi mzima, ili Pasaka isitoke katika majira yake. Sikukuu zinatembea basi kidogo kila mwaka, lakini kwa sehemu kubwa zinaangukia wakati watoto wako kelasini.

Ya kwanza ni Purimu, sana sana mwezi wa tatu. Wanasoma habari ya malkia Esta na ya Hamani, mkubwa wa serkali aliyetaka kuua Wayahudi wote wa ufalme. Kila mara jina la Hamani linatajwa, watoto wanapiga kelele, wanagonga vitu, wanakanyaga chini ili jina lisisikike. Kuvaa nguo za kuchekesha kunaruhusiwa. Hakuna mwanafunzi duniani, wa dini yoyote, anayehitaji kusukumwa kwa kufanya kelele kelasini na ruhusa ya mwalimu.

Kiisha inakuja Pasaka, mwezi wa tatu ao wa ine. Kwa siku nane hakuna mkate wenye chachu. Wanakula mkate wa unga na maji tu, unaopaswa kuingia motoni mbele dakika 18 hazijapita, sababu zikipita unga unaanza kuchachuka. Jikoni inasafishwa mpaka kwenye pembe. Na hapa kuko jambo ambalo litachekesha wasomaji wetu. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kaskazini na ya mashariki, kwa desturi yao, hawali mahindi wala maharagi wakati wa Pasaka. Na chakula cha masomo Uganda ni nini? Ni bukari ya mahindi na maharagi! Wayahudi wa asili ya Mashariki na ya inchi nyingi za bahari ya Mediterane wao wanakula vitu hivyo bila shida, na mwaka wa 2015 walimu wa sheria wa mkondo wa Conservative, ambao Abayudaya wengi wanafuata, waliruhusu pia. Kwa jikoni inayolisha watoto mamia na mamia, ruhusa hiyo si kitu kidogo.

Tuongeze neno juu ya lugha. Bukari, kule wanaita «posho». Wazee wetu wa Union Minière wanajua posho kuwa chakula cha kampuni kilichogawiwa kwa wafanya kazi, na ndiyo sababu Jumamosi kwetu imebaki siku ya posho. Katika Nabugoye, posho ya siku ya posho inapaswa kuwa tayari toka siku ya tano, sababu siku ya Sabato hakuna anayewasha moto.

Mwezi wa kenda ao wa kumi unaleta sikukuu tatu karibu karibu: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho ambayo watu wazima hawali wala kunywa toka mangaribi mpaka mangaribi, na Sikukuu ya Vibanda. Kwa hiyo ya mwisho wanajenga kibanda na kukiezeka kwa matawi na majani, kama yale ya ndizi yaliyo mengi pale, lakini kwa namna ambayo usiku mtu akilala chini anaona nyota. Katika inchi ya Israeli sikukuu hiyo inakuja mbele mvua haijaanza. Mbale, mvua iko tayari inanyesha. Sheria yenyewe inasema: mvua ikiharibu chakula, ingieni ndani ya nyumba. Kibanda hicho kila mtoto wa kijiji anaweza kukijenga. Hapa mtoto wa Kikristo ao wa Kiislamu anayejua kukata majani vizuri ana faida kuliko kijana wa mji aliyezaliwa Myahudi.

Lakini ni mwezi huo huo ambao wanafunzi wa kelasi ya ine na ya sita wanajitayarisha kwa mitihani ya serkali. Sikukuu na revizio zinagombana. Ni masomo gani yasiyojua vita hiyo?

Hanuka, sikukuu ya taa, ambayo watu wa Ulaya na Marekani wanaijua zaidi kuliko zote, mara nyingi inakuta masomo yamefungwa. Inaangukia kati ya mwisho wa mwezi wa kumi na moja na mwisho wa mwezi wa kumi na mbili, na wakati huo watoto wako vakansi. Kila mmoja anawasha taa zake kwao kijijini.

Sikukuu ya kila juma

Hata hivyo, sikukuu kubwa zaidi ni ile inayorudi kila juma. Siku ya tano, jua likikaribia kushuka, kazi inakwisha. Mbale iko karibu sana na ikweta: jua linashuka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, mwaka mzima, na Sabato inaingia karibu saa ile ile. Katika Ulaya Wayahudi wanapaswa kutazama saa kila juma, sababu wakati wa baridi jua linapotea saa kumi ya alasiri. Mbale kuku tu wanaenda kulala, na watu wanajua.

Kiisha wanaenda sinagogi juu ya kilima na wanaimba. Uimbaji wa Abayudaya umesikika mbali: mwaka wa 2003 nyumba ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa santuri ya nyimbo zao, iliyorekodiwa na Jeffrey Summit, na ikaingia katika mashindano ya Grammy. Ni maneno ya Kiebrania na ya Luganda, kwa sauti za kwao, pamoja na gitaa na ngoma. Mtoto wa kanisa la Lubumbashi akisikia, hatajua maneno, lakini mikono yake itapiga makofi mahali panapofaa.

Na watoto wa wengine?

Ni hapa tunafika kwenye jambo lenyewe. Masomo haya yangeweza kuwafungia wengine mlango: «tuliteswa, sasa tuko kwetu». Hayakufanya hivyo, na sababu si roho nzuri peke yake. Watoto wa Kiyahudi ni wachache, na masomo bila wanafunzi wa kutosha hayawezi kuishi. Zaidi ya hiyo, majirani ni majirani. Mbale ni mji wa dini nyingi: toka 1988 Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kiko pale pale. Na kabila kubwa la eneo hilo, Wagisu, wanatahiri vijana wao wakiwa wakubwa, mbele ya watu wote, katika miaka ya tarakimu shufwa. Kule hakuna anayemchekelea Myahudi juu ya kutahiri; wanashangaa tu kwamba anafanya kwa mtoto wa siku nane, ambaye hawezi kuonyesha ushujaa wake.

Wakubwa walikwisha kuonyesha mfano. Mwaka wa 2004 Joab Jonadab Keki alianzisha shirika la walimaji wa kahawa, Wayahudi, Wakristo na Waislamu pamoja. Keki alikuwa New York siku ya 11 mwezi wa kenda 2001, wakati ndege zilipiga zile nyumba ndefu mbili. Alirudi kwao akipita nyumba kwa nyumba kuomba walimaji waungane. Shirika likaitwa Mirembe Kawomera, maana yake amani iliyo tamu. Watoto wa walimaji hao hao ndio wanaokutana kelasini.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Masomo hayo yanategemea sana feza za marafiki wa Marekani, na msaada wa mbali unaweza kukauka siku moja. Toka mwezi wa tatu 2020 mpaka mwezi wa kwanza 2022, juu ya korona, serkali ya Uganda ilifunga masomo kwa muda mrefu kuliko karibu inchi zote za dunia, na katika inchi yote wasichana wengi hawakurudi tena kelasini. Na juu ya Uyahudi wao, wengine bado wanabishana. Mwaka wa 2002 marabi walifika Mbale na kuwaingiza rasmi watu 400 hivi katika dini. Pamoja na hayo, mwaka wa 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wao aliyetaka kuhamia kule. Mtoto wa Nabugoye anaweza kuambiwa na jirani kwamba yeye ni Myahudi kupita kiasi, na kuambiwa na Tel Aviv kwamba hatoshi.

Na sisi?

Lubumbashi tuna sinagogi yetu. Iko pale mjini, watu wengi wanapita mbele yake bila kuuliza. Ilijengwa wakati wa Wabelgiji na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Rabi Moïse Levy aliwaongoza toka 1937, kwa miaka zaidi ya hamsini. Wale waliobaki Rhodes, Wadachi waliwachukua mwezi wa saba 1944 na kuwapeleka Auschwitz. Wachache tu walirudi. Wa kwetu waliendelea kuishi, kufanya biashara, kuzaa. Kiisha uhuru, na zaidi kiisha 1973 wakati biashara za wageni zilinyanganywa, wengi walienda. Nyumba ya sala iko bado, lakini sauti za watoto wengi hazisikike tena ndani. Abayudaya hawana hata robo ya mali ambayo watu wale walikuwa nayo. Wana watoto, na masomo ya kuwaweka.

Tuna pia masomo ya dini, tena mengi kuliko Uganda. Toka mapatano ya 1977 kati ya serkali na makanisa, watoto wengi wa inchi hii wanasomea kwa Wakatoliki, Waprotestanti ao Wakimbangu, na Waislamu nao wana yao. Mtoto wa Kiislamu anakaa kwa masista, na mtoto wa Kikatoliki kwa Wakimbangu, ambao Noeli yao ni 25 mwezi wa tano. Mara nyingi mambo yanaenda vizuri. Lakini muulizeni mwanafunzi Mwadventista anayesoma mafundisho ya hesabu kwenye kaye ya mwenzake, sababu interro imewekwa tena siku ya posho. Muulizeni yule wa Kiislamu aliyepewa absansi siku ya Idi.

Prefe hawezi kufunga masomo kwa sikukuu ya kila mtu. Waamuzi wa Kampala hawakukosa katika hiyo. Ila mwanzo wa mwaka, mwezi wa kenda, anaweza kuchukua dakika tano, kuuliza kila kelasi ni nani anashika siku gani, na kuandika tarehe hizo kwenye ratiba mbele ya kupanga mitihani. Haiombi franka hata moja. Kwa mtoto mmoja ao wawili katika kelasi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kubaki na dini ya wazazi wake na kuiacha pole pole, bila mtu kujua.